Tarehe ya Vitabu vya Graben, na Fungu la Kasugho

Vijana wanabishana: Chuo Kikuu cha Graben na maandishi yake vilianzishwa na nani? Wengi humtaja Padri Apollinaire Malumalu, maana jina lake walilizoea kwenye uchaguzi wa Kongo wa 2006, aliousimamia. Malumalu alikuwa rekta, tena hodari. Mwanzilishi ni Askofu Emmanuel Kataliko, na leo tulimalize.

Kabla yake walikuwapo mapadri wa Assomption, waliofika kwetu mwaka 1929. Chapa yao, ABB ya Butembo, ilitoa vitabu vya Padri Lieven Bergmans juu ya Wanande: historia ya ukoo wa Baswaga mwaka 1970, kisha imani na mila mwaka 1971.

Hapa sharti nisimame. Kwa nini Baswaga watangulie? Bashu nao walipata chao mwaka 1981, pale Mmarekani Randall Packard alipoandika juu ya ubwami wao, yaani utawala wa bami, machifu wao, kikachapwa na chuo kikuu cha Indiana. Na Batangi? Na Bamate? Mgeni huandika ukoo uliompokea, kisha wajukuu wa ukoo huo wanakuja na kitabu mkononi kudai kiti cha mbele. Ukubwa wa ukoo haupimwi kwa kurasa! Haya, turudi.

Kataliko alipewa uaskofu mwaka 1966, mwana wa nchi wa kwanza kushika nafasi ya Askofu Henri Piérard. Alikuwa mtu wa kujenga: barabara, shule, hospitali. Siku hizo kijana wa Lubero aliyemaliza sekondari alikwenda Kisangani, Kinshasa au Lubumbashi; aliyekosa nauli alishika jembe. Mwaka 1989 Kataliko akafungua chuo Butembo. Chuo kikazaa jarida, Parcours et Initiatives, ambamo mwanasheria, mganga na mtaalamu wa kilimo hukaa chini ya jalada moja. Mwaka 1997 alipelekwa Bukavu kuwa askofu mkuu, baada ya Askofu Mkuu Munzihirwa kuuawa. Februari 2000 watawala wa RCD, kundi la waasi, wakamfukuzia Butembo. Walidhani wanamwadhibu, kumbe wanamrudisha kwenye chuo chake! Septemba akarejea Bukavu. Tarehe 4 Oktoba akafia Italia. Wazee wanamwita baba mpaka leo.

Kwenye jimbo la Butembo-Beni, aliloliacha alipokwenda Bukavu, Askofu Sikuli alimrithi.

Sasa fungu letu. Bami wa Batangi na Bamate walitenga msitu wa Tayna kwa ajili ya gorila, na hapa Kasugho kikazaliwa kituo cha kufundisha ulinzi wa mazingira. Ndicho leo chuo kikuu cha UCNDK. Fedha za Wamarekani zilisaidia, sikatai. Lakini msitu ni wa bami, na bila msitu kungefundishwa nini? Tena ajabu: tangu 2010, karibu nasi, kituo cha GRACE kinalea gorila yatima waliookolewa mikononi mwa majangili, wafundishwe upya maisha ya porini.

Mwanafunzi wa nchi hii hufunga mzunguko wa kwanza wa masomo kwa TFC, kazi ya utafiti: anaiandika, anaitetea mbele ya walimu, nakala inabaki chuoni. Graben wana jarida, hongera yao. Sisi tuna TFC zetu: anayetaka kuandika juu ya Tayna hana budi kuja Kasugho.

Basi mfuatano ni huu: Bergmans alitangulia kuchapa, Kataliko akaanzisha chuo, Malumalu akakiongoza, bami wakatupatia cha kwetu. Anayebisha alete mwaka wake.