Miaka 100 tangu Uturuki ipige marufuku tarbushi

Novemba 25, 2025 ilitimia miaka 100 tangu Bunge la Uturuki lipitishe Sheria Namba 671. Maneno yake ni machache: wabunge na watumishi wa serikali wavae kofia ya pama ya Kizungu, na wananchi waache mazoea yoyote yaliyo kinyume na hilo. Kwa maneno hayo tarbushi ikawa kosa, na watu wakapelekwa kitanzini. Kwetu pwani, ambako mzee hatoki kwenda msikitini kichwa wazi, habari hii inastahili kusimuliwa kwa kirefu.

Chanzo cha ugomvi ni sijda. Muislamu anaposujudu, paji la uso na pua hugusa chini. Kofia yenye ukingo mbele humzuia. Ndiyo maana kofia ya viua ya Zanzibar na Lamu haina ukingo, wala tarbushi haikuwa nao. Kwa Mturuki wa zama hizo, kuvaa pama kulikuwa kujitangaza kwamba huswali, au kwamba umehama dini.

Lakini tarbushi nayo iliingia kwa amri. Mwaka 1826 Sultani Mahmud II aliliangamiza jeshi la Janissari lililokuwa limemtia kabari, akaunda jeshi jipya na kulivika kofia nyekundu zilizotoka Tunis. Mwaka 1829 akawaamuru na watumishi wa serikali waivae. Maulamaa waliachiwa vilemba vyao. Mwanahistoria Donald Quataert, aliyeandika mwaka 1997 juu ya sheria za mavazi za Dola ya Uthmaniya, anasisitiza jambo ambalo wengi hulipita. Kabla ya hapo, mavazi yalimtaja mtu dini yake kabla hajafungua kinywa: nani afunge kilemba cheupe, nani avae viatu vya njano, nani asithubutu kugusa rangi ya kijani. Tarbushi ilikusudiwa kuufuta mpaka huo, ili Mgiriki, Muarmenia, Myahudi na Muislamu wafanane ofisini. Waliosononeka ni wengi, hasa mafundi na vibarua, ambao waliendelea kuizungushia vitambaa ili ibaki na sura ya kilemba.

Wajukuu wao waliipenda. Katika makaburi ya Eyüp, Istanbul, mawe ya kale yamechongwa vilemba juu yake, na yale ya karne ya 19 yamechongwa tarbushi. Mtu alizikwa na cheo chake kichwani. Mwaka 1908, Austria ilipoitwaa Bosnia, Waturuki walisusia bidhaa zake, tarbushi za viwanda vya Austria zikiwemo. Hata huku kwetu ilifika, vichwani mwa askari wa King's African Rifles, na kishada chake kikining'inia.

Agosti 1925 Rais Mustafa Kemal, ambaye jina la Atatürk alipewa mwaka 1934, alikwenda Kastamonu, eneo la watu washika dini, akiwa na pama mkononi. Huko, katika mji wa İnebolu, aliwaambia wananchi waziwazi kwamba vazi hilo linaitwa kofia ya Kizungu na kwamba ndilo vazi la watu waliostaarabika. Mpaka hapo wakuu walikuwa wakilitaja kwa mafumbo, kama kitu cha kukinga jua. Katika hotuba yake ndefu ya mwaka 1927 aliilaumu tarbushi kuwa alama ya ujinga na ya chuki dhidi ya maendeleo. Hapo simuungi mkono. Miaka 96 kabla ya sheria yake, kofia hiyohiyo ndiyo iliyoletwa kwa jina la maendeleo.

Bungeni, Nureddin Pasha, jenerali wa vita vya ukombozi na mbunge wa Bursa, alisimama kuipinga akisema inakiuka katiba. Alizomewa. Erzurum, Sivas, Maraş na Rize zikawaka. Huko Rize serikali ilipeleka manowari Hamidiye, na Mahakama za Uhuru zilizokuwa zikizunguka mikoani zikaanza kazi.

Aliyelipia zaidi katika kumbukumbu za Waturuki ni mtu ambaye hakuandamana popote. İskilipli Atıf Hoca alikuwa mwalimu wa dini, mwenyeji wa kijiji kimoja karibu na mji wa İskilip. Mwaka 1924 alichapisha kijitabu kuhusu kuwaiga Wazungu na kuvaa kofia yao. Hoja yake haikuwa ya mtu aliyefumba macho: kujifunza elimu na ufundi wa Ulaya ni halali, alisema, bali kuvaa kile kinachomtambulisha asiye Muislamu ni kujivua kundi lako. Kijitabu kilitoka zaidi ya mwaka mmoja kabla ya sheria. Hakuna sheria iliyokuwapo ya kuvunjwa.

Hata hivyo alikamatwa, akashtakiwa Giresun na kuachiwa, kisha akapelekwa Ankara. Mwendesha mashtaka aliomba kifungo cha miaka mitatu. Mahakama, chini ya Ali Çetinkaya, ikamhukumu kifo. Wafuasi wake husimulia kwamba alikuwa ameandika utetezi wake, kisha usiku akamuota Mtume (S.A.W.) akimwita, naye akaichana karatasi. Februari 4, 1926 alinyongwa pamoja na aliyekuwa mufti wa Babaeski, Ali Rıza Efendi.

Wanaoitetea hukumu hukumbusha kwamba Atıf aliongoza chama cha maulamaa kilichotoa karatasi za kuwapinga wapigania uhuru wa Mustafa Kemal. Hilo ni kweli, na si jambo dogo katika nchi iliyokuwa vitani. Lakini basi angehukumiwa kwa hilo. Kumnyonga mtu na kutaja kijitabu cha kofia ni dhuluma, na dhuluma haifutiki kwa kuwa nchi ilijenga reli na shule baadaye.

Wanaume wengine walitafuta njia yao. Walinunua kepu za vibarua, na saa ya sala wakizigeuza ukingo ukawa kisogoni, paji likafika chini. Sheria imetiiwa, na sijda imetimia. Mwaka 1932 balozi wa Misri alikwenda na tarbushi yake kwenye karamu ya Siku ya Jamhuri mjini Ankara, akatakiwa aivue, na serikali mbili zikaandikiana barua za hasira. Baada ya mapinduzi ya 1952, Misri nayo iliiacha.

Ubishi uliobaki Uturuki ulihamia vichwani mwa wanawake. Mwaka 1999 mbunge Merve Kavakçı alizomewa mpaka akatoka ukumbini kwa sababu ya hijabu. Mwaka 2013 watumishi wengi wa serikali waliruhusiwa kuivaa. Hospitali ya İskilip imepewa jina la Atıf Hoca. Tarbushi huonekana kwa wauza aiskrimu wa Istanbul wanaochezea watalii, jambo linaloniuma kwa vazi ambalo watu walilifia. Na Sheria Namba 671 haijafutwa: Ibara ya 174 ya Katiba ya 1982 bado inailinda, pamoja na sheria nyingine za mageuzi ya enzi hiyo.