Bi Kidude Hakurudi, Alifuatwa

Mwimbaji mkongwe akitoa albamu baada ya kimya kirefu, magazeti ya hapa Uingereza huandika kwamba "amerudi". Waliandika hivyo kuhusu Solomon Burke, mfalme wa muziki wa soul kutoka Marekani, alipotoa albamu mwaka 2002 akiwa amevuka miaka 60. Wakaandika tena mwaka 2012, pale kampuni ya XL ya hapahapa London ilipomtoa Bobby Womack akiwa na miaka 68. Sisi Waswahili tunaye wa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ndogo ya London iitwayo RetroAfric ilitoa albamu iliyopewa jina "Zanzibar", na mwenye sauti alikuwa Bi Kidude, ambaye kwa hesabu ya wengi alikuwa amepita miaka 80. Naye pia aliambiwa amerudi. Tujiulize: alikuwa amekwenda wapi?

Jina lake la kuzaliwa ni Fatuma binti Baraka. Mwaka aliozaliwa hakuna aliyeuandika. Mwenyewe alikuwa akisema ni zama za rupia. Baba yake alikuwa muuza nazi. Alikua akimsikiliza Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba aliyeitoa taarab katika majumba ya wakubwa na kuitia Kiswahili cha watu wa Ng'ambo.

Hapo ndipo London inapoingia katika habari hii kwa mara ya kwanza. Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, kampuni ya santuri ya Kiingereza yenye makao Hayes, magharibi mwa jiji hili. Santuri zile zilienea pwani yote na kupenya hadi bara. Siti alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa.

Bi Kidude hakuipata bahati hiyo katika ujana wake. Alikimbia ndoa ambazo hakuzitaka, akazunguka bara akiimba, akajivua buibui katika enzi ambayo jambo hilo lilikuwa fedheha, kisha akarejea Unguja. Huko aliishi kwa kazi za mikono na kichwa chake: hina, dawa za miti shamba, na zaidi ya yote ngoma ya unyago, akiwafunda wasichana mambo ya unyumba. Hakuwa mtu wa vikundi vikubwa vyenye fidla na kanuni, na unyago wenyewe ni siri ya wanawake, si kitu cha kupelekwa studio. Kwa hiyo miaka ikapita, naye anapiga msondo wake, anavuta sigara yake, na watu wa mitaani wote wanamjua. Huyo si mtu aliyepotea.

Kilichobadilika kilibadilika huku. Mwaka 1987 watu wa kampuni ndogo za muziki walikutana katika baa moja ya Islington wakakubaliana juu ya jina la kuandika kwenye rafu za maduka: muziki wa dunia. Mmoja wao alikuwa Ben Mandelson wa GlobeStyle, kampuni ambayo ilikwenda Unguja na kutoa mfululizo wa taarab katika kaseti na CD. Wakati huohuo Mohamed Ilyas na kundi lake la Twinkling Stars walikuwa wakisafiri na Bi Kidude hadi Ulaya. Baadaye alifika Japani na nchi nyingine nyingi. Mwaka 2005, katika mkutano wa WOMEX uliofanyika Newcastle na Gateshead, alipewa tuzo ya mkutano huo. Mwaka uliofuata Mwingereza Andy Jones akatoa filamu ya maisha yake.

Tuseme haki: bila watu hao huenda wengi wetu tusingekuwa na sauti yake majumbani mwetu. Lakini tuseme na upande wa pili. Albamu ya uzeeni hubeba uzee ndani yake. Sauti ya Bi Kidude tunayoijua ni nzito, ina mikwaruzo, na inapofika katika "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo uliotokana na zama za Siti, inauchukua wimbo kama mtu anayesimulia jambo aliloliona kwa macho yake. Ni hazina kubwa. Hata hivyo ile sauti ya msichana aliyezunguka bara miaka ya 1930 hatutaisikia kamwe. Hakuna aliyedhani inafaa kuwekwa. Na umaarufu ulipokuja, haukumtoa katika maisha ya kawaida. Alichopata alikigawa, na alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013.

Jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko nao hukwanguliwa mapema, kabla jungu halijaoshwa. Katika mitaa ya jiji hili wamo mama zetu na shangazi zetu waliocheza lelemama, walioimba kidumbak harusini, wanaozijua nyimbo za unyago ambazo hazijaandikwa popote. Hawasubiri kurudi, wako jikoni wanapika. Leo kinasa sauti kimo ndani ya simu ya kila mmoja wetu, wala hatuhitaji kampuni ya mtu. Tuwaombe ruhusa, tuheshimu yale ambayo hayapaswi kutoka nje, na hayo mengine tuyahifadhi wangali na pumzi, pamoja na jina la mwenye wimbo na maelezo ya maneno yake. Wajukuu waliozaliwa huku watayahitaji maelezo hayo kuliko ala yenyewe.