Sumu ya Mshale na Dawa ya Moyo

Ukitoka Voi kuelekea mashariki, msomaji, waingia nyika ya Tsavo, ambayo tangu mwaka 1948 ni hifadhi ya wanyama. Hapo kale nyika hiyo ilikuwa ya Waata, wawindaji wa ndovu, ambao jirani zao waliwaita Walangulu. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale wenye sumu ya msunguti. Wagiriama walikuwa mafundi wa kuipika, na Waata wengi waliinunua kwao. Vipande vya mti huo huchemshwa kwa saa nyingi hata maji yawe mazito na meusi kama lami. Ndipo mshale hupakwa, kisha hufungwa kwa ngozi nyembamba, sumu isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Sumu hiyo hushika moyo.

Wazungu waliigundua siri ya sumu za namna hii kwa bahati tu. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alisafiri na Livingstone katika bonde la Zambezi tangu 1858. Mswaki wake ulikaa pamoja na sumu ya mishale ya watu wa huko, itokayo katika mmea ulio jamaa ya msunguti. Alipopiga mswaki alionja uchungu, akapima mshipa wake, akaona mapigo yamepungua. (Wengine wangalitupa mswaki na kunyamaza.) Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, akaifanya dawa. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitoa wabaini katika mti wa nchi ya Wasomali, ndugu wa msunguti. Na mwaka 1906 Albert Fraenkel aliwadunga wagonjwa mshipani dawa ya jamii hiyo. Kipimo kidogo huupa nguvu moyo uliochoka, kikizidi huusimamisha.

Baadhi ya madaktari wa Ujerumani waliitumia hata kwa mshtuko wa moyo, yaani mshipa unaoulisha moyo unapozibwa. Lakini punda aliyeanguka hainuki kwa mjeledi. Utafiti uliotangazwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa atenololi, iupunguziayo moyo kazi, ikitolewa mapema huokoa maisha. Na ule wa 1988, wenye wagonjwa 17,187, ulionyesha hivyo kwa aspirini, izuiayo damu isigande.

Na Waata je? Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliwasaka Tsavo kwa ujangili. Wengi walitiwa gerezani, na sumu yao ikachukuliwa. Miaka hiyo hiyo wabaini ilikuwa ikidungwa wagonjwa katika hospitali za Ujerumani.