Antene ya gari na habari za barabara yetu

Hapa Runingu, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, gari likisimama tu watu wanamuuliza shoferi: "Kule mulikotoka kuko namna gani?" Shoferi naye hupata habari kwa watu na kwa redio. Ndiyo maana antene iliyovunjika si jambo dogo kwetu.

Antene ina historia ndefu. Mwaka 1888, Heinrich Hertz wa Ujerumani alionyesha kwamba mawimbi ya umeme hupita hewani bila waya. Mwaka 1930, kampuni ya Paul Galvin huko Marekani ilianza kuuza redio ya gari, ikaiita Motorola. Kisha miaka ya 1980 na 1990 gari nyingi zilikuwa na antene yenye mota: ukiwasha redio inapanda, ukizima inashuka. Gari za aina hiyo zilifika hata kwetu, zikiwa zimekwisha kutumika kwingine.

Miaka hiyo ilikuwa migumu huku. Mwaka 1994, redio RTLM ilichochea mauaji nchini Rwanda. Mwaka huohuo Radio Agatashya, yenye jina la ndege mbayuwayu, ilianza kusikika kutoka Bukavu, ikiwapa wakimbizi na wenyeji habari zisizo na chuki. Tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera, kule milimani kwetu, ilishambuliwa. Mwezi uleule Uvira na Bukavu zikaanguka, na Agatashya ikanyamaza. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, Kiswahili kikiwa kati ya lugha zake tano. Aliyekimbia bila kujua njia ipi ni salama anaelewa thamani ya sauti hizo.

Sasa, ukisikia mota inalia lakini antene haipandi, mara nyingi kilichokatika ni kamba ya plastiki yenye meno iliyo ndani. Vumbi na fimbo iliyopinda ndivyo vinavyoiua. Fungua nati ya juu, mwambie mwenzako awashe redio, na uvute fimbo pamoja na kamba itoke. Kipande kikibaki ndani, itabidi kufungua boksi la mota. Kisha ingiza kamba mpya, meno yakielekea gia, redio izimwe ili mota iimeze. Rudisha fimbo, kaza nati. Baadaye uipanguse kwa kitambaa kikavu. Grisi nyingi hukamata vumbi.

Hukupata kamba? Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi, na robo yake ni sentimita 75. Waya wa shaba wa urefu huo, ukiingizwa katikati ya tundu la antene nyuma ya redio bila kugusa chuma cha pembeni, utakusaidia. Usimame mahali pa wazi, kwa sababu FM haipiti mlima.

Injini ikiwa imezimwa, usisikilize saa nyingi, batiri itakufa. Lakini saa ya habari ikifika, acha mlango wa gari wazi. Jirani aliyekimbia bila redio naye anangoja kusikia habari za kwao.