Uwanja Ukifungwa: Jinsi ya Kufundisha Watoto Mpira kwa Mbali na Kuwarudisha Uwanjani Salama

Makala haya ni kwa ajili yako kocha, kiongozi wa vijana au mzazi unayesimamia timu ya watoto katika makazi ya wakimbizi. Yanaeleza la kufanya pale mlipuko wa ugonjwa unapofunga uwanja, na hatua za kufuata uwanja unapofunguliwa tena. Mifano mingi imetoka Uganda, lakini ushauri wenyewe unaweza kutumika pia katika kambi na makazi ya nchi jirani.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Mwezi Machi 2020 Uganda ilifunga shule zote kwa sababu ya COVID-19, na michezo ya watoto ikasimama pamoja nazo. Baadhi ya madarasa yalirudi baadaye, yakafungwa tena Juni 2021. Shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Mtoto aliyeondoka uwanjani akiwa na miaka 11 alikuwa ameshafika 13. Katika muda huo wapo wasichana waliopata mimba au kuozwa, na wapo wavulana waliozoea vibarua vya shambani wakaona shule na timu si mambo yao tena.

Kwa hiyo kumbuka jambo moja kabla ya yote: wakati uwanja umefungwa, kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha kila mtoto anajua bado ana timu, na kwamba yupo mtu mzima atakayegundua akipotea. Ufundi wa mpira unakuja baada ya hapo.

1. Jua ugonjwa unaeneaje

Kanuni za michezo hutegemea ugonjwa uliopo. Usitumie kanuni za mwaka 2020 kwa kila mlipuko.

- COVID-19 huenea zaidi kwa hewa na matone ya mtu anayekohoa, kuongea au kupumua karibu na wengine. Uwanja wa wazi una hatari ndogo kuliko chumba kilichofungwa.
- Ebola huenea kwa kugusa damu, matapishi, jasho au majimaji mengine ya mtu mwenye dalili au aliyefariki. Mlipuko uliotangazwa Septemba 2022 ulianzia Mubende, wilaya inayopakana na Kyegegwa yalipo makazi ya Kyaka II. Mtu aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Mtoto wa namna hiyo asiitwe mazoezini hata kama anaonekana mzima.
- Mpox huenea hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mtu mwenye vipele, au kugusa nguo na matandiko yake. Kukabana na kubadilishana jezi ni hatari.
- Kipindupindu huenea kwa maji na chakula kichafu. Hapa hatari iko kwenye chupa ya maji inayozunguka timu nzima.

Muulize mhudumu wa afya wa kijiji au kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kuamua lolote. Ruhusa ya kufunga na kufungua uwanja hutoka kwa serikali na uongozi wa makazi. Kocha haamui peke yake.

2. Andika daftari la timu mapema

Usisubiri karantini. Tafuta daftari moja na uandike jina la kila mchezaji, umri, kijiji au blok, jina la mzazi au mlezi, njia ya kumpata, na tarehe ya mwisho uliyowasiliana naye. Nafasi hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusaidia zaidi. Ukiona wiki mbili zimepita bila neno, hapo pana kazi ya kufanya.

Daftari hilo ni siri. Usilipige picha, usilitume kwenye makundi ya WhatsApp, na usilikabidhi kwa mtu asiyehusika.

3. Chagua njia inayofika kila nyumba

Mwaka 2020 makocha wengi duniani walifundisha kwa video. Katika makazi, nyumba nyingi hazina simu ya kisasa, na iliyopo huenda ni ya baba anayeondoka nayo asubuhi. Kuchaji kunalipiwa, na bando la intaneti pia. Uganda wakati ule ilikuwa bado inatoza kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Ukitegemea video pekee utawafundisha watoto wachache wenye uwezo na kuwapoteza wengine.

Changanya njia hizi:

- Simu ya kawaida ya batani. Piga kwa mzazi mara moja kwa wiki. Dakika tatu zinatosha: salamu, zoezi la wiki, swali moja kwa mtoto.
- Ujumbe mfupi wa maandishi, kwa lugha ambayo mzazi anaisoma. Nyumba nyingine wanasoma Kiswahili, nyingine Kifaransa au Kinyarwanda.
- Ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hutumia bando kidogo kuliko video, na asiyejua kusoma anausikia.
- Karatasi yenye michoro, ibandikwe kwenye bomba la maji au dukani, kama uongozi unaruhusu.
- Redio ya jamii au kipaza sauti cha wahamasishaji. Waombe dakika chache za zoezi la wiki pamoja na ujumbe wa afya.

Nyumba isiyo na simu yoyote, mpe jirani mwenye simu au mwenyekiti wa kijiji jukumu la kufikisha salamu. Andika jina lake daftarini.

4. Mlinde mtoto unapowasiliana naye

Karantini huwapa watu wabaya nafasi ya kumfikia mtoto akiwa peke yake. Fuata kanuni hizi bila kuzivunja:

- Wasiliana kupitia mzazi au mlezi. Usimwandikie mtoto faraghani.
- Kundi la WhatsApp la timu liwe na watu wazima wawili au zaidi wanaolisimamia.
- Usipige simu usiku.
- Usiombe picha au video ya mtoto. Ikiwa mzazi amependa kukuonyesha zoezi, lisisambazwe.
- Usitembelee nyumba ukiwa peke yako. Ukiruhusiwa kutembea, nenda na mwenzako, simama nje, ongea mlezi akiwepo.

Mtoto akikuambia anapigwa, analazwa njaa au ananyanyaswa, msikilize bila kumhoji sana na usimwahidi kwamba utaficha. Toa taarifa kwa afisa wa ulinzi wa watoto. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116 nchini Uganda, na namba hiyohiyo hutumika Kenya na Tanzania.

5. Mpango wa mazoezi ya nyumbani

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mtoto anayechota maji na kulima tayari ana sehemu ya dakika hizo, kwa hiyo usimchoshe. Siku tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30, zinatosha. Waulize wasichana saa ipi inawafaa: ukipanga mazoezi saa ya kupika, umewafungia nje.

Mahali: hatua tano kwa tano za ua lililofagiliwa. Mtoto atafute kwanza miiba, vigae na misumari, hasa kama hana viatu. Mpira wa matambara, wa nailoni au wa majani ya mgomba unafaa.

Kupasha mwili (dakika 5): kukimbia papo hapo, kuinua magoti, kuzungusha nyonga.

Nguvu na mizani (dakika 8): kuchuchumaa na kuinuka mara 10, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30 kila upande, kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu sekunde 20, kuruka na kutua taratibu magoti yakiwa yamekunjwa. Mazoezi ya aina hii ndiyo msingi wa FIFA 11+, utaratibu uliotengenezwa kupunguza majeraha kwa wachezaji.

Mpira (dakika 10): danadana, mguu wa kulia kisha wa kushoto, kupiga chenga kati ya majerikeni manne, pasi kwa ndugu wa nyumba hiyohiyo. Usiwaambie wapige mpira ukutani. Nyumba za udongo hubomoka, na mzazi atakasirika kwa haki.

Mpe kila mtoto lengo lake mwenyewe. Aliyefika danadana 4 wiki hii atafute 6 wiki ijayo. Usitangaze nani wa kwanza na nani wa mwisho, maana mwenye mpira wa kweli na mwenye mpira wa matambara hawako sawa.

6. Kurudi uwanjani: wiki nne

Uongozi ukishafungua, kila kocha hutamani kuanza na mechi. Usifanye hivyo. Miguu iliyopumzika miezi kadhaa huumia haraka. Wengine wamerefuka, viatu haviwatoshi, na miili mipya bado haijawatii.

Wiki ya 1: Makundi madogo, nusu ya muda wa kawaida. Kukimbia polepole, mizani, kila mtu na mpira wake ikiwezekana. Hakuna kukabana.

Wiki ya 2: Pasi na kutuliza mpira. Mbio fupi chache, mapumziko marefu.

Wiki ya 3: Mchezo wa 4 kwa 4 kwenye uwanja mdogo, vipindi vya dakika 5.

Wiki ya 4: Mchezo kamili wa timu yenyewe. Mechi na kijiji kingine zisubiri hadi hapa, na ziwe na kibali.

Panga upya makundi ya umri, na mipira pia: namba 3 kwa walio chini ya miaka 8, namba 4 kwa miaka 8 hadi 12, namba 5 kuanzia miaka 13.

Weka kibuyu chirizi na sabuni mlangoni mwa uwanja. Kila mtoto anawe kwa sekunde 20 akiingia na akitoka, na aje na chupa yake. Barakoa isivaliwe wakati wa kukimbia kwa nguvu, kwa sababu inazuia kupumua vizuri. Ivaliwe mnapokusanyika au kusafiri, kama mamlaka imeagiza.

7. Mchezaji aliyeugua

Aliyepona COVID-19 asirudi siku dalili zinapokwisha. Kwanza aweze kutembea, kuchota maji na kufanya kazi zake za kila siku bila kuchoka kuliko kawaida. Kisha aanze na hatua ya wiki ya 1, hata kama wenzake wamefika ya 4. Ugonjwa huo unaweza, mara chache, kusababisha uvimbe wa misuli ya moyo.

Simamisha mazoezi na umpeleke kituo cha afya mtoto anayelalamika maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio akiwa ametulia, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, au anayezimia.

8. Fungua tena daftari

Siku ya kwanza uwanjani, ita majina yote, hata ya wasiokuwepo. Ndani ya wiki mbili fuatilia kila jina lisiloitika. Huenda familia imehamia makazi mengine au imerudi nyumbani. Huenda mtoto anauza sokoni. Huenda binti ni mjamzito au amekuwa mama, na anadhani hatakiwi tena. Mwambie mlezi wake kwamba nafasi yake ipo. Ikiwa amejifungua, arudi mazoezini mhudumu wa afya akikubali. Kabla ya hapo anaweza kuja kuhesabu mabao au kusaidia wadogo.

Panapoonekana ndoa ya utotoni au kazi ya hatari, usiende kugombana na familia. Peleka taarifa kwa afisa wa ulinzi wa watoto au piga 116.

Kwa kifupi

Uliza wahudumu wa afya kwanza. Tunza daftari. Fika kila nyumba, kupitia mzazi. Mazoezi yawe mafupi. Rudi kwa wiki nne bila haraka. Na usifute jina la mtoto yeyote mpaka ujue yuko wapi.