Toa Ulichonacho Mkononi

Ukitoka Nairobi kuja kwetu Nyeri, pitia Murang'a uingie kanisa kuu la Anglikana la Mtakatifu Yakobo. Lilijengwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Siku hizo jirani alimwogopa jirani.

Mwaka 1959 Elimo Njau, kijana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea uchoraji Makerere, alichora humo picha 5 kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu wake ni Mwafrika, na vilima ni vya Murang'a. Aliyefiwa akiinua macho anamwona Bwana akiteseka kwenye ardhi yake mwenyewe.

Njau hakuwa mhubiri. Alikuwa na brashi, akaitoa. Soma Kutoka 31: Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya mikono.

Mpendwa, wewe unayeshona, unayepika, unayechomelea vyuma, usifukie talanta yako ukingoja kupewa maikrofoni. Jirani yako mwenye msiba anahitaji hicho ulichonacho wiki hii.