Kicheko Kilivyovuka Ziwa Kufika Uvira

Historia ya wachekeshaji wa Uvira haianzii jukwaani. Inaanzia kwenye redio ya betri, jioni, mtu akizungusha kitufe polepole kutafuta Dar es Salaam. Mji wenyewe umebanwa kati ya maji na milima ya Mitumba, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Bujumbura inaonekana ng'ambo, na ukishavuka mpaka wa Kavimvira unaifikia kwa barabara ya Gatumba kabla hata hujachoka kukaa garini. Kinshasa iko kama kilomita 1,500 upande wa magharibi, na anayetaka kuiona hana budi kupanda ndege. Kwa hiyo watu waliowafundisha wakazi wa pwani hii kucheka pamoja, watu wasiojuana wakicheka jambo moja kwa saa moja, hawakutoka kwenye mji mkuu wa nchi yao.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Pwagu na Pwaguzi. Majina hayo yanatokana na methali ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anaijua, Pwagu hupata pwaguzi, na waigizaji wake, Rajabu Hatia na Ali Keto, waliicheza methali hiyo wiki baada ya wiki: wajanja wawili wanaotafuta riziki isiyo na jasho, na hila zao zikiwarudia wenyewe. Wasikilizaji hawakuwaona sura. Kila kitu kilibebwa na sauti: kikohozi, mlango unaogongwa, kimya kifupi kabla uongo haujatolewa. Ninaamini kwamba kimya hicho ndicho mzizi wa kila mchekeshaji wa Kiswahili aliyefuata, hata wale wachanga ambao hawajawahi kusikia kipindi hicho.

Upande wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mambo yalikuwa tofauti. Katika enzi ya Mobutu, televisheni ya taifa ilisema zaidi Kifaransa na Kilingala, na mchezo wa kuigiza ulioitikisa nchi ulikuwa ule wa Kinshasa, wa makundi kama Salongo. Ulikuwa mzuri. Lakini Kilingala, kwa mtu wa Uvira, kilikuwa pia lugha ya askari anayekusimamisha njiani akitaka karatasi. Ni vigumu kucheka kwa lugha inayokutisha barabarani.

Kicheko cha Kongo chenye Kiswahili kilitoka kusini, Lubumbashi. Huko Odilon Kyembe Kaswili, aliyejulikana na kila mtu kwa jina la Mufwankolo, aliongoza kundi lililosikika redioni na kuonekana kwenye televisheni ya Katanga kwa miongo mingi. Mufwankolo anastahili kukaa juu kabisa kwenye orodha yoyote ya wachekeshaji wa Kongo, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa Kivu Kusini hawajui jina lake. Kundi lake halikutumia maandishi. Wachezaji walikaa, wakajadili kisa, wakapanga nani anaingia lini na nani anatoka, kisha kila mmoja akasema maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili cha migodini na mitaani.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nao Lubumbashi wakati wakitengeneza mchezo uliozaliwa na msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Kisa kinamhusu chifu na wakubwa wake katika kijiji kinachopoteza nidhamu. Hebu fikiria: nchi iko chini ya chama kimoja na kiongozi mmoja ambaye picha yake imetundikwa kila ofisi, na hawa wanasimama mbele ya kamera ya serikali kucheza habari za chifu na ulaji wa madaraka. Hawakumtaja mtu. Hawakuhitaji kumtaja. Fabian aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kikachapishwa mwaka 1990, na ndiyo maana leo tunaweza kusoma jinsi mchezo ulivyojengwa kikao kwa kikao, pamoja na mabishano ya wachezaji wenyewe. Ni bahati ambayo wachekeshaji wachache sana wa Afrika wameipata.

Halafu vikaja vita. Oktoba 1996 Uvira iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL, na makumi ya maelfu ya watu wa Uvira na Fizi wakavuka ziwa kwa maboti na mitumbwi hadi Kigoma, upande wa Tanzania. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo huko Kasulu. Lugufu ilifuata mwaka 1997. Vita vya pili, vya 1998, vikaongeza wengine.

Wanaoandika juu ya kambi hizi huandika juu ya mgao wa unga, malaria na foleni za maji, na wana haki. Ila kuna jambo jingine lililotokea humo, nalo ni kubwa kwa historia hii. Mtoto wa Kibembe au wa Kifuliiru alisoma shuleni kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, kisha akarudi nyumbani kwenye Kiswahili cha Tanzania: redio ya jirani, mabishano ya mpira, soko la wenyeji nje ya kambi, na baadaye vibanda vya video. Alijifunza Kiswahili kingine juu ya kile cha mama yake, na akajifunza kuviweka vyote viwili kinywani na kuhama kutoka kimoja kwenda kingine. Hiyo ndiyo kazi ya mchekeshaji. Safari za kurudi kwa meli za UNHCR kutoka Kigoma hadi Baraka zilipoanza mwaka 2005, walioshuka bandarini walikuwa na magodoro, sufuria, mabati, na namna mpya ya kusimulia. Waliobaki nyumbani waliwacheka kwa Kiswahili chao cha Kigoma. Nao waliwacheka waliobaki. Miaka ile vichekesho vingi vya mitaani katika pwani hii vilihusu tofauti hiyo, na havikuumiza mtu.

Pamoja na waliorudi zikaja kanda na diski za filamu. Hapa ndipo anapoingia King Majuto, na sitaficha upendeleo wangu: kwa watu wa ziwa hili hakuna aliyemzidi. Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, aliigiza tangu utotoni hadi alipofariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Alikuwa mtu mzima mwenye uso wa baba mkwe. Angeweza kukaa kwenye kiti, asiseme kitu, amtazame kijana aliyevaa suruali ya kubana, na chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Vituko vyake vilikuwa vya nyumbani: mzee bahili, mzee mwenye tamaa ya msichana, mzee anayejifanya hasikii anapodaiwa. Hakuna kitu humo kinachohitaji kuelezwa kwa mtu wa Kalundu au Mboko. Karibu naye wanasimama Mzee Small, Said Ngamba, aliyefariki Juni 2014, na Sharo Milionea, kijana wa majivuno na miwani, aliyekufa kwa ajali ya gari huko Muheza mwezi Novemba 2012 wakati nyota yake ikipanda.

Kisha kizazi cha televisheni: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Mac Regan, Wakuvanga na Vengu, walioanza EATV kama Ze Comedy, wakahamia TBC1 na kuwa Orijino Komedi. Hao walileta kasi na uigaji wa wanasiasa. Joti akivaa gauni na kuwa bibi kizee alipendwa na watoto wasioweza kumtaja waziri hata mmoja wa Tanzania. Kenya nayo ilikuwa imeonyesha njia kupitia kundi la Redykyulass, waliomwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani. Lakini vipindi vya Nairobi viliifikia Uvira kwa kuchelewa, vingi kupitia simu.

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na jukwaa jingine, la vumbi, uwanjani. Shirika la Search for Common Ground, lililofungua kituo chake cha Kongo Bukavu mwaka 2001, lilipeleka maigizo shirikishi katika maeneo yaliyopokea wakimbizi waliorudi. Wachezaji walifika kwanza kuwauliza wakazi wanagombania nini, mara nyingi shamba lililochukuliwa mwenyewe akiwa Tanzania, kisha wakacheza ugomvi huohuo mbele yao. Katikati wakasimama na kumwita mtazamaji aingie achukue nafasi ya mmojawapo. Watu walicheka walipomwona jirani yao akijaribu kuwa chifu. Hili silioni kama uchekeshaji wa daraja la pili. Mtu aliyeweza kuwachekesha pamoja aliyeporwa na mporaji, wakiwa wamekaa kwenye nyasi zilezile, alikuwa na ujuzi ambao wengi wenye maikrofoni za gharama hawana.

Uchekeshaji wa mtu mmoja, amesimama peke yake bila kisa wala mavazi, umechelewa kufika hapa, na umetoka pande zote kwa pamoja. Churchill wa Kenya aliwafanya vijana waamini kwamba ni kazi. Bujumbura ina Kigingi, anayejaza ukumbi ng'ambo tu ya mpaka kutoka Uvira. Michael Sengazi, mwenye mizizi Burundi na jukwaa Kigali, amepata tuzo ya RFI ya wachekeshaji. Kabla yake aliipata Mkongo wa Kinshasa, Ronsia Kukielukila, mwaka 2017. Kigali, kupitia maonyesho ya Seka Live ya Nkusi Arthur, imekuwa mahali ambapo vijana wa nchi jirani wamepimwa. Dar es Salaam wana Cheka Tu ya Coy Mzungu, na vipande vyake vinazunguka katika simu za pwani nzima.

Ugumu wa sanaa hii kwa Uvira hauko kwenye umeme wala ukumbi. Mchekeshaji wa Nairobi huanza na makabila; ndiyo ngazi yake ya kwanza. Katika uwanda wa Ruzizi na juu ya milima ya Fizi, ambako Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge na Warundi wote wamezika ndugu zao, utani wa kabila unaweza kugeuka silaha kabla kicheko hakijaisha. Majuto alikuwa na kinga ya uhusika: aliyesema ni mzee wa kwenye filamu. Aliyesimama peke yake hana wa kumsingizia. Kwa hiyo vijana wa hapa wanageukia mambo yanayowaumiza wote: vizuizi vya barabarani, vocha inayoisha katikati ya mapatano ya mahari, samaki aina ya mikeke wanaopanda bei, MC wa harusi anayekula kuliko bwana harusi. Ni shule ngumu kuliko ya Nairobi, na inazaa wachekeshaji makini.

Kilichobaki ni kuhifadhi. Lubumbashi ina Mufwankolo kitabuni. Wale waliowachekesha watu Nyarugusu kwa miaka ishirini hawana kitabu, na wengi wao wametawanyika tangu wakimbizi Wakongo walipoanza kuhamishiwa Marekani kwa wingi. Redio za Uvira, kama Le Messager du Peuple na Mitumba, zimerusha maigizo na vichekesho kwa miaka; mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalionyesha jinsi nyumba, vyombo na karatasi vinavyoweza kuondoka katika usiku mmoja, na vita havijaacha kuurudia mji huu. Sauti zilizorushwa na redio hizo zinaingia zote katika diski moja ya ukubwa wa kiganja, na nakala ya pili inaweza kuwekwa Bukavu, ya tatu Kigoma, upande wa ziwa zilikotoka sauti za kwanza. Waliozirekodi bado wapo, wanajua nani alikuwa nani, na wanaweza kuulizwa wiki hii.